Walisema kwenye kivuko chetu cha reli hakujawahi kuwa na njia, nikaenda kutafuta ushahidi

Wakuu, nawasalimu wote, wa Thika, wa Ruiru, na nyinyi wa mbali ambao husoma bila kujibu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nikimkanyaga mtu anisamehe.

Lakini chumvi sijaongeza. Hata ile sehemu inayoniaibisha nimeiweka, mtaifikia.

Mnijue kwanza. Naishi Ngoingwa, ile nyumba yenye maua meupe getini, na nina duka la vipuri vya pikipiki Thika mjini. Mimi si mwanahistoria. Historia niliyosoma ni ya shule na niliiacha ndani ya chumba cha mtihani.

Nyumbani kwetu hasa ni upande wa Ruiru, kule ndani ambako reli inavuka mto kwa daraja la chuma. Ni daraja la zamani, vyuma vyeusi juu ya nguzo za mawe. Treni ya abiria hupita asubuhi ikienda Nairobi, na jioni ikirudi. Ukiwa jikoni kwa mama yangu unasikia vikombe vikigongana kabatini, na hiyo ndiyo saa yake.

Hatua chache kabla ya daraja, njia ya udongo inakatiza reli. Ugomvi wote uko hapo.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa geti la hicho kivuko. Wakati huo kulikuwa na shamba kubwa la kahawa la mzungu, na trekta na mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa ikivuka hapo kutwa. Kulikuwa na geti la mbao, kibanda, na baba na bendera zake mbili, nyekundu na kijani. Baadaye geti likatolewa, kibanda kikaoza, lakini watu wakaendelea kupita.

Alipostaafu alinunua kashamba kadogo ng'ambo ya reli. Ni kipande tu, mto umekizunguka pande tatu na reli imekikata upande wa nne. Mama alipanda nduma kule chini kwenye maji. Baba alipofariki tulimzika hapo juu penye mwinuko, kwa sababu alisema anataka kusikia treni.

Najua kuna mtu ataniuliza, si mzunguke? Mkuu, tuzunguke wapi? Upande wa nne ni reli, na hicho kivuko ndicho mlango. Labda tupite juu ya daraja lenyewe, tukiruka kutoka taruma moja la reli hadi jingine huku mto uko chini. Mama yangu ana miaka themanini na kitu.

Sasa sikieni.

Mwaka uliopita lile shamba la kahawa liliuzwa kwa kampuni ya kujenga nyumba. Sitaitaja, msinitafutie kesi. Wakaweka bango kubwa lenye picha ya familia inacheka kwenye nyasi. Kisha likaja greda.

Greda lilifagia kahawa yote. Likafagia na njia yetu, ambayo ilipita katikati ya lile shamba na shamba la nyumbani kwetu, ikienda moja kwa moja hadi relini. Wakapiga mabati mpaka kwenye ua wetu. Pale kivukoni wakasimamisha nguzo za zege na waya.

Nilijua hayo kwa simu ya mama. Mimi ni kijana wake wa pili, nimeitwa jina la baba yake, kwa hivyo tangu nizaliwe huniita Awa, yaani baba, nami humwita maitu, yaani mama. Jina langu la kitambulisho hulitumia akikasirika tu.

"Awa, wamefunga njia ya babako."

"Wamefunga aje, maitu?"

"Na waya. Nimesimama na kiondo changu hapa kama ng'ombe imefungiwa nje. Soja ananiambia shosho, hii ni private. Nikamuuliza private ya nani?"

Nikafunga duka nikaenda. Nilimkuta ameketi kwa ngazi ya nyumba, kiondo kitupu miguuni. Nikaanza kumwambia nitamnunulia nduma sokoni, asijali.

Akaniangalia nikaona nimeongea upuzi.

"Mimi sisemi nduma," akasema. "Nduma inanunuliwa. Mimi mtanilaza wapi?"

Wakuu, hapo ndipo nilielewa. Mama yangu hadai shamba wala nyumba kwenye hiyo estate yao. Anataka kitu kimoja, siku yake ikifika, abebwe mpaka ng'ambo, alazwe kando ya mume wake. Alishaonyesha hata mahali penyewe, upande wa kushoto, kwa sababu baba alilala upande wa kulia wa kitanda maisha yao yote.

Nilienda ofisi ya kampuni siku iliyofuata. Meneja wao ni kijana mtanashati, viatu vinang'aa, akanipa chai kabla hata sijaketi. Mtu akikukimbilia na chai hivyo, ujue amejiandaa.

Akafungua kompyuta akanionyesha plani yao. Viwanja, barabara, mahali pa watoto kuchezea. Pale penye njia yetu kulikuwa na viwanja vitatu na miti iliyochorwa.

"Mzee wangu, mimi naelewa," akasema. "Lakini title iko clean. Hapo hakujawahi kuwa na njia."

"Mama yangu amepita hapo tangu aolewe."

"Kupita sikatai. Watu walikuwa wanapita tu. Lakini kupita na njia ni vitu mbili tofauti."

Nirudie ili mshike. Kupita na njia ni vitu viwili tofauti. Nilitembea na hilo neno kichwani wiki nzima. Nikiuza cheni nalisikia, nikiuza plagi nalisikia.

Akamalizia kwa upole, "Leta ushahidi, mzee. Ukileta, tutakaa chini."

Nikasema sawa. Kama ni ushahidi, nitaleta.

Nilianza na picha. Nyumbani tuna picha moja ya baba akiwa kazini. Amesimama na sare, bendera mbili mkononi, kofia imeinama kidogo kama mtu anayejua anapendeza. Nyuma yake daraja linaonekana vizuri, chuma kwa chuma. Nilipokuwa mdogo nilidhani daraja ni letu.

Nikaipeleka. Meneja akaishika kwa vidole viwili.

"Hapa naona mfanyakazi wa reli na daraja. Geti liko wapi?"

Nikaangalia vizuri. Ni kweli, geti halionekani. Aliyepiga picha alisimama kivukoni kwenyewe na akapeleka kamera darajani. Chini ya miguu ya baba kuna udongo, pembeni kuna majani majani. Basi. Mzee wangu alisimama pale miaka yote ile, na siku ya kupigwa picha, geti limebaki nyuma ya mpiga picha!

Nikaenda Nairobi kutafuta ramani za zamani. Nilitumwa dirisha hili, nikatumwa lile, nikaambiwa rudi Jumanne. Nikarudi Jumanne. Mama mmoja mpole huko ndani akanionea huruma, akanitolea karatasi kubwa ya zamani yenye harufu ya panya.

Nikaikunjua mezani. Mto uko. Reli iko. Daraja liko, limechorwa vizuri, hata lina namba. Nikafuata reli kwa kidole kutoka darajani kuja upande wetu, hatua chache tu...

Karatasi ikaisha.

Wakuu, sitanii. Daraja liko mwisho wa karatasi moja na kivuko kiko mwanzo wa karatasi inayofuata. Nikauliza hiyo ya pili iko wapi. Yule mama akatafuta, akatafuta tena, kisha akaniambia kuna mtu aliitoa kwenda kutoa fotokopi.

"Lini?" nikauliza.

Akasema yeye alipoletwa hiyo ofisi alikuta tayari imetoka.

Nilicheka, kwa sababu ningefanya nini kingine? Bado naamini kuna mtu mahali fulani, amezeeka, yuko kwenye foleni ya fotokopi na kivuko cha babangu mkononi.

Nikajaribu daraja lenyewe. Nilishuka mtoni na brashi ya waya ya dukani kwangu, nikapanda nguzo ya mawe hadi penye kibati cha chuma, nikakwaruza nusu siku. Rangi juu ya rangi juu ya rangi. Nilipata namba ileile ya kwenye ramani. Hakuna jina la mtu hata mmoja, wala wa aliyechonga mawe wala wa aliyebeba chuma.

Halafu kuna bwana mmoja nilielekezwa kwake, mpenzi wa mambo ya reli. Ni mtu mzuri, ana kamera na daftari. Alikuja mpaka pale, akanieleza kila aina ya kichwa cha treni kilichowahi kupita juu ya hilo daraja. Nikamuuliza, na hapa kwenye kivuko, mlinzi alikuwa nani? Akageuka, akaangalia ule udongo kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Ahaa, hapa palikuwa na kivuko?" akasema.

Mtaniambia hasira ni za nini. Hasira ni kwamba chuma kina namba, kina rangi, kina faili na kina mashabiki wenye kamera. Watu waliovuka kando yake kila siku na mizigo mgongoni hawana hata mstari wa penseli. Historia ya daraja ipo, lakini ya aliyesimama jua na mvua ili gari lisigongwe na treni, hiyo ilikuwa kupita tu.

Niliporudi kwa mama nikamweleza yote. Alikuwa anachambua maharagwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatupa jiwe dogo nje.

"Wewe unatafuta kwa karatasi," akasema. "Ngoja mvua."

Nikakasirika. Nimezunguka ofisi miezi, mtu ananiambia mambo ya mvua! Sikumuuliza maana yake. Nilidhani ni uzee, anataka nipumzike.

Hilo ndilo kosa langu la mwisho, wakuu. La kwanza linakuja.

Mvua ndefu ilinyesha. Wiki mbili baadaye mama akapiga simu. Yule soja wa kampuni, kijana wa Ngoliba ambaye siku hizi humsalimia vizuri na hata kupewa uji juu ya ua, alikuwa amemwita kwenye mabati.

"Ameniambia, shosho, kuja uone, maua yako imetoka."

Nikafika. Nikachungulia kwenye pengo la mabati. Ndani yote palikuwa pamesawazishwa, udongo mwekundu mtupu, hakuna hata shina la kahawa. Na katikati ya ule utupu kulikuwa na mstari. Majani mapana ya kijani, moja, la pili, la tatu, yamenyooka kama yamepimwa kwa kamba, kutoka kona ya ua wetu yakienda moja kwa moja mpaka relini. Yanaishia pale penye kivuko.

Nikamuuliza mama ni nini hayo.

"Itoka," akasema. "Ni mimi na babako tulipanda, mwaka nilioolewa."

Kwa wasio wa kwetu nieleze kidogo. Itoka ni ua lenye kitunguu kikubwa kinachokaa chini sana. Kiangazi linapotea kabisa unasema limekufa, mvua ikinyesha linarudi palepale. Yakiwa mengi huitwa matoka, na wazee waliyapanda kwenye mipaka ya mashamba. Hayakuwa ya urembo, na hakuna aliyeyagusa. Mtu kung'oa itoka ilikuwa jambo zito, la kuitiwa wazee na kuchinjiwa mbuzi. Greda lilifagia juu tu. Vitunguu vilikuwa chini vinangoja.

Na mimi hayo yote nilikuwa nasikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima mwenye mvi.

Nikatoa ile picha ya baba mfukoni. Yale majani majani pembeni ya miguu yake, ndiyo hayo. Yalikuwa hapo siku zote nikiangalia daraja.

Nikampigia meneja. Nikamwambia, ushahidi umeota, kuja.

Siku ya kukutana tulikuwa wachache. Meneja na viatu vyake, safari hii vina matope. Naibu wa chifu na daftari. Serveya mmoja wa binafsi, mpima ardhi, ambaye sisi na kampuni tulikubaliana atumike, mtu wa makamo, hana maneno mengi. Mama tulimwekea kiti cha plastiki kando ya ua. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa.

Meneja akaanza. "Haya ni maua tu. Lazima ilikuwa bustani ya yule mzungu wa shamba."

Mama hakumngoja amalize.

"Mzungu gani alipanda itoka?"

Naibu wa chifu akacheka, akajifanya anakohoa. Yule serveya hakucheka. Alienda akachuchumaa kwenye mmea wa kwanza, akafukua kidogo kwa kidole, akafunika tena taratibu. Aliposimama alikuwa ametoa kofia.

"Hii naijua," akasema. "Hata kwetu iko. Hii ni mpaka, si bustani."

Nikawa nimeshashinda, moyoni. Nilimwangalia meneja nikitaka nione uso wake ukianguka. Nitasema ukweli, nilifurahia.

Ndipo serveya akaendelea. "Lakini mstari mmoja unaniambia shamba linaisha hapa. Hauniambii njia. Njia inakuwa na mistari miwili, huku na huku, na katikati ndiyo upana. Wa pili uko wapi?"

Tukageuka wote upande wa ua wetu. Upande wa nyumbani, ambao greda halikugusa hata kidogo. Kulikuwa na nyasi ya nepia tu, ya ng'ombe.

Naibu wa chifu akamuuliza mama kwa heshima, "Maitu, upande huu mlipanda?"

"Tulipanda."

"Na zilienda wapi?"

Mama akaangalia mikono yake.

"Zilitoka," akasema. "Zilitoka tu."

Wakuu, nilisema kuna sehemu inayoniaibisha. Tumefika.

Miaka michache nyuma nilimaliza nyumba yangu Ngoingwa. Mke wangu akasema getini pako wazi, panataka maua. Nikakumbuka kwa mama kuna maua meupe yenye mstari wa waridi, yanaota yenyewe kando ya ua, hayana mwenyewe. Jumapili moja mama akiwa kanisani nilienda na pikapu na jembe. Nikang'oa mstari mzima, kutoka nyumbani hadi relini. Vilikuwa vitunguu vikubwa, vya chini sana, vilinitoa jasho. Nikajiambia huu ubishi wa mmea ni wa nini? Pale nilipofukua nikapanda nepia, nikaona nimemsaidia mama lishe.

Aliporudi alisimama pale muda mrefu. Akaniita kwa jina la kitambulisho. Kisha akaingia ndani. Mimi nilidhani anahurumia maua, nikamwahidi nitamletea waridi. Na hata nilipoyaona yale majani kwenye mabati sikuyaunganisha na ya getini kwangu, mpaka serveya alipouliza wa pili uko wapi.

Sasa yuko pale kwenye kiti cha plastiki, mbele ya serikali na kampuni, anasema zilitoka tu. Ananificha. Kitu kimoja anachotaka duniani kiko mikononi mwa hao watu, na bado anaona heri akikose kuliko mimi niaibike.

Nikasema, "Ni mimi. Niliyang'oa mimi. Yako getini kwangu Ngoingwa."

Mama alifumba macho.

Meneja akatoa simu akaanza kuandika. "Kwa hivyo mlalamishi mwenyewe ndiye aliharibu mpaka," akasema, polepole, akiandika.

Nilitaka kumrukia. Lakini ningemrukia kwa lipi? Ilikuwa kweli.

Serveya alitetea alivyoweza. Aliandika kwamba mpaka wa zamani upo, kwamba mashamba mawili hayakugusana, kwamba palikuwa na nafasi katikati. Upana wa hiyo nafasi hawezi kuuandika, kwa sababu alama ya pili haiko ardhini. Maneno yangu peke yangu hayatoshi, mimi ni mtu wa upande mmoja.

Meneja akajitia mkarimu. Akasema kampuni itaacha kijia cha miguu. Cha mtu mmoja. Kwa hisani.

Hisani! Njia ambayo babangu aliilinda na bendera mbili, jua na mvua, leo mjane wake anapewa kwa hisani, na anatakiwa aseme asante. Na alisema asante, kwa sababu alilelewa vizuri kuliko mimi.

Wakaweka yale machuma yaliyopinda, ambayo lazima mtu ajigeuze ndiyo apite, ili pikipiki isiingie. Mama alikuwa wa kwanza kuyajaribu. Akapita kwanza yeye, kiubavu, halafu akavuta kiondo nyuma yake. Akavuka reli. Akasimama ng'ambo kidogo akiangalia kaburi. Akarudi.

Serveya alikuwa bado hapo akipima. Mama akasimama mbele yake.

"Mwanangu, wewe unajua vipimo. Niambie. Jeneza itapita?"

Yule mtu akaangalia machuma. Akaangalia utepe wake wa kupimia, ambao alikuwa ameuvuta. Akauachilia ukarudi ndani ya kikopo chake.

Kijia cha mtu mmoja, wakuu. Jeneza hubebwa na watu sita.

Niliporudi Ngoingwa siku hiyo nilichukua jembe nikaenda getini. Nikampigia mama, nikamwambia nayarudisha yote, leo hii.

"Usiguse," akasema. "Ukiyarudisha sasa watasema ulipanda jana. Wacha yakae." Kisha akaniuliza, "Awa, umekula?"

Basi yako hapo. Mvua hii yametoa maua kupita miaka yote. Wageni wanasimama wanapiga picha, jirani ameniomba kitunguu kimoja. Nilimjibu vibaya hata akashangaa, na nitamwomba msamaha.

Funzo langu ni hili. Ukitaka kujua historia ya kwenu, anza na aliye hai nyumbani kabla hujapanda ngazi za ofisi. Mimi nilienda kwa kila dirisha Nairobi na sikumuuliza mama yangu swali moja, "Maitu, kwa nini ngoja mvua?" Na kabla hujang'oa kitu kwa wazazi wako, hata kama ni ua tu, uliza nani alilipanda na kwa nini. Kampuni imenikasirisha, bado inanikasirisha, na nitapambana nayo. Lakini greda lao lilishindwa kung'oa matoka. Mimi nilitumia jembe, Jumapili asubuhi, nikipiga mluzi.

Sasa nawageukia nyinyi, na hii si ile ya kusema karibuni kwa maoni.

Serveya aliniambia faili haijafungwa. Akipata picha moja tu ya zamani inayoonyesha mistari yote miwili, ya huku na ya kule, ataweza kukadiria upana na kuandika upya. Picha moja.

Pale kivukoni watu walipiga picha nyingi. Maharusi walikuwa wakija kwa sababu ya daraja. Kwaya zilipiga picha. Wachuma kahawa walipiga picha siku ya kufunga msimu. Kama wewe ni wa Ruiru, au wazazi wako walifanya kazi kwenye hilo shamba la kahawa, fungua ile albamu yenye plastiki. Usiangalie bibi harusi, wala daraja. Angalia chini, kwenye miguu ya watu, kama kuna majani mapana huku na huku.

Ukiyaona, niandikie hapa au inbox, saa yoyote.

Kampuni inasema ukuta wa mawe kando ya kijia unaanza kujengwa kiangazi kikiingia. Mama hana haraka. Haraka ni yangu.